AC ya dakti Raskazone: baridi ipo lakini shuka mbichi. Nabadilisha mashine ya ndani, wataalamu karibuni

Mkaa Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wikendi.

Nyumba ya wazee wetu ipo Raskazone, Tanga, ukisimama barazani upepo wa bahari unakupiga usoni. Vyumba vinne na sebule. Ilijengwa zamani kwa ajili ya wageni waliokuwa wanafanya kazi hapa mjini, kwa hiyo haina AC za ukutani kama nyumba nyingi. Ina mashine moja kubwa imelala darini na dakti, yaani mabomba mapana yanayopeleka hewa kila chumba. Kibao cha hiyo mashine ya ndani kinasomeka 60,000 BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza), gesi R22. Ya nje ilishakufa. Fundi mmoja akatuletea ya nje mpya, 48,000 BTU, R410A, akaifunga kwenye ile ile ya ndani, akajaza gesi, akachukua chake. Waja leo waondoka leo.

Baridi ipo, hilo silalamiki. Kinachonishinda ni kwamba naweka nyuzi 20, watu wanatetemeka, na bado shuka ukiigusa mbichi na ngozi inanata. Kabati la bi mkubwa limeota ukungu, viatu vya ngozi vimefanya manyoya ya kijani, kanzu zinanuka uvundo. Ikiwashwa asubuhi dakika za mwanzo inapuliza harufu ya soksi. Dari ya jipsamu ya korido ina doa la maji linalozidi kutanuka. Chumba cha mwisho hakipati hewa kabisa, wakati sebuleni unatafuta kikoi ujifunike. Na bi mkubwa ana pumu. Akienda Lushoto kwa dada yetu anapumua vizuri, akirudi tu kifua kinaanza.

Nimeamua kubadilisha mashine ya ndani. Dukani mmoja kanambia nichukue ya 60,000 kama iliyokuwepo, mwingine kasema niongeze kabisa kwa sababu Tanga ni joto. Mimi nataka nyumba iwe kavu na hewa iwe safi. Kabla sijatoa pesa, nianzie wapi?

Kibarua wa Zege

Nimeshatandika mkeka. Waje wenye fani.

Kijana wa Sahare

Kaka unajisumbua bure. Ng'oa kila kitu, funga spliti (AC ya ukutani) ya invata kila chumba, 9,000 vyumbani na 18,000 sebuleni. Ikifa moja zingine zinaendelea. Hizo dakti ni nyumba za panya tu.

Mama Samadari

Mimi niko Ngamiani, barabara ya nane, na sijawahi kulala na hayo madude. Nyumba zetu za zamani dari liko juu, ukuta mnene, dirisha linatazamana na dirisha, kaskazi ikivuma unalala raha mustarehe. Nyie mmeziba kila mahala kwa aluminiamu na vioo, halafu mnalia hewa nzito. Mpe pole mamako, mwambie afukize kidogo hiyo kabati uvundo utatoka.

Mkaa Pwani

Shikamoo Mama. Kufukiza anafukiza, udi kila Ijumaa na ubani jioni. Pengine ndiyo maana harufu ya soksi inakuja imechanganyika na udi.

Fundi Baridi

Mkuu Mkaa Pwani, nitaandika kirefu kwa sababu nyumba za namna hii nimezifungua kadhaa, Dar na hapa Tanga, na malalamiko huwa ni haya haya.

Kwanza uelewe AC inafanya kazi mbili. Inashusha joto, na inakausha hewa. Watu wanainunua kwa kazi ya kwanza, lakini pwani hii kinachowaumiza ni kukosa ile ya pili. Hata historia yake iko hivyo: mtambo wa kwanza wa kisasa, wa Willis Carrier mwaka 1902, ulifungwa kwenye kiwanda cha uchapaji Brooklyn, New York, na kazi aliyopewa haikuwa kupoza watu. Karatasi zilikuwa zinavuta unyevu, zinatanuka, rangi hazikai mahali pake. Alitakiwa adhibiti unyevu.

Unavyokausha hewa: koili ya ndani (vibomba vyenye mapezi ambamo gesi baridi inapita) inakaa kwenye nyuzi kama 7 hadi 12 hivi. Hewa ya Tanga siku ya kaskazi, tuseme nyuzi 32 na unyevu asilimia 70, inaanza kuacha umande ikikutana na kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 au karibu na hapo. Ikigusa koili maji yanajikusanya juu yake kama chupa ya soda inavyotoka jasho, yanadondokea kwenye trei, yanatoka kwa bomba. Maji hayo ndiyo unyevu uliotolewa chumbani. Ila koili inahitaji muda. Mashine ikiwaka dakika chache ikashusha nyuzi, thamostati ikaridhika ikazima, maji yanakuwa bado yamejishikiza kwenye mapezi ya koili, hayajafika hata kwenye trei. Feni ikiwa imeachwa iendelee kuzunguka muda wote, inayapuliza yale maji yarudi chumbani.

Kwa hiyo ule ushauri wa kuongeza BTU kwa sababu ya joto utupe baharini. Mashine kubwa kupita nyumba inapoza haraka, inazima haraka, haikaushi. Unabaki na baridi mbichi. Ukisikia baridi mbichi unashusha nyuzi zaidi, kuta zinapoa, unyevu unashikana kwenye kabati. Ukungu unapata makao.

Pili, hilo la kuunganisha ya nje ya R410A na ya ndani ya R22. Hapa nisaidie: fundi alisafisha mabomba ya shaba? Alibadilisha kile kifaa cha kupimia gesi kabla ya koili, wengine wanakiita ekspansheni? Alivuta vakyumu, yaani kutoa hewa na unyevu ndani ya mabomba kwa pampu?

Mkaa Pwani

Fundi, nilikuwepo nimesimama pembeni. Hakuna alichosafisha. Pampu ya vakyumu sikuiona. Alifungua vali kidogo, gesi ikapuliza "fsss" upande wa pili, akafunga nati, akasema tayari hewa imetoka.

Fundi Baridi

Basi hilo ndilo jibu la nusu ya swali lako, na nakuunga mkono kubadilisha ya ndani.

R410A inafanya kazi kwa mgandamizo zaidi ya mara moja na nusu ya R22. Koili ya enzi za R22 haikutengenezwa kwa nguvu hiyo. Inaweza kukaa kimya muda mrefu, siku ikipasuka gesi yote imeondoka. Halafu mafuta. Kompresa za R22 zilitumia mafuta ya madini, za R410A zinatumia mafuta mengine ambayo hayasikilizani na yale, tena yanavuta unyevu haraka mno. Mabaki ya mafuta ya zamani kwenye koili na mabomba yanabaki humo, yanapunguza kazi ya koili na kuisumbua kompresa mpya. Ule mchezo wa kusukuma hewa kwa gesi hauondoi unyevu uliomo ndani ya bomba. Unyevu na hayo mafuta mapya vikikutana vinatengeneza asidi.

Wanaouliza kwa nini asibaki na R22 tu: kwa ratiba ya Mkataba wa Montreal nchi zinazoendelea zinaiondoa hiyo gesi ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Marekani walisimamisha kutengeneza na kuagiza mpya tangu Januari 2020. Kuwekeza pesa leo kwenye mashine ya R22 ni kununua mgogoro.

Sasa, mashine yako ya nje ni 48,000. Ya ndani inunue ya 48,000, ya R410A, na ikiwezekana ya kampuni ile ile, modeli ambazo kitabu chake kinasema zinakwenda pamoja. Usichukue ya 60,000 eti kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Feni ya 60,000 inapuliza hewa nyingi kupita kiasi kwa kompresa ya 48,000. Hewa inapita mbio juu ya koili, koili inakuwa ya uvuguvugu, maji hayatoki. Hilo nalo limechangia shuka zako.

Nitumie picha za dakti. Tusiishie kwenye mashine.

Mtanga wa Houston

Salaam kutoka Texas. Mimi si fundi wa AC kwa fani, lakini nimefanya kazi za kubeba vyuma na jamaa wanaofunga mashine hizi huku, na Houston kwa unyevu haina tofauti kubwa na Tanga. Huku karibu kila nyumba ni dakti, kwa hiyo nitasema lile ninaloliona.

Kipimo cha kawaida wanachotumia ni futi za ujazo 400 za hewa kwa dakika kwa kila tani moja. Tani ni 12,000 BTU. Kwenye unyevu mwingi wanashusha hadi 350. Yaani mashine ya 48,000 ni tani nne, feni ipulize 1,400 hivi badala ya 1,600. Mashine nyingi za sasa zina feni ya mwendo unaochaguliwa, fundi anaweka kwenye ubao wa saketi. Ila wengi hawagusi, wanaacha ilivyotoka kiwandani.

La pili ni uvujaji wa dakti. Energy Star, mpango wa serikali ya huku wa kubana umeme, wanasema nyumba ya kawaida inapoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa kupitia matundu na maungio mabovu ya dakti. Na siyo kupoteza tu. Ikivuja dakti inayopeleka hewa vyumbani, baridi inamwagika darini, na nyumba inabaki na upungufu wa hewa. Basi inanyonya ya nje kupitia kila upenyo, na ya nje hapo Raskazone ni ya bahari. Ikivuja inayorudisha hewa kwenye mashine, ni mbaya zaidi: mashine inanyonya hewa ya darini moja kwa moja. Joto la bati, vumbi, na chochote kilichokufa huko juu.

Kibarua wa Zege

Popo! Nyumba za Raskazone dari zina popo, nimepiga plasta huko najua.

Mkaa Pwani

Wapo. Jioni wanatoka kwa foleni.

Nesi wa Zamu

Niongezee upande wa kifua. Pumu haiambukizwi na AC wala haiponywi na AC, ila kuna vichochezi. Vumbi, ukungu, moshi, na wadudu wadogo wa vumbi wanaoishi kwenye magodoro na mito. Wadudu hao wanategemea unyevu wa hewa, hawanywi maji. Hewa ikikaa chini ya asilimia 50 wanapungua. Pwani kufika 50 ni kazi, lakini kutoka 75 kushuka 55 ni tofauti ambayo ukungu wa kabatini utaisikia, na mgonjwa pia anaweza kuisikia.

Udi na ubani ni moshi, Mama Samadari nisamehe. Kwa mwenye pumu, moshi wenye harufu nzuri ni moshi. Afukiziwe nguo akiwa hayupo chumbani. Na dawa zake za kuvuta asiache kwa sababu AC imekuwa mpya, tafadhali. Nimeona watu wakifanya hivyo kila wakipata godoro jipya au kuhama nyumba.

Kijana wa Sahare

Nesi, halafu si kuna ile nimonia ya AC? Babu yangu hataki kabisa kukaa chumba cha AC kwa ajili hiyo.

Nesi wa Zamu

Ipo nimonia inayoitwa ya Legionella. Iligundulika baada ya mkutano wa maveterani Philadelphia mwaka 1976, watu wengi waliokuwa hotelini wakaugua na baadhi yao wakafa. Bakteria huyo anaishi kwenye maji ya vuguvugu, na minara ya kupozea ya majengo makubwa inarusha mvuke wa maji hayo. AC ya nyumbani haina mnara wa maji. Babu asiogope hiyo, ila trei yenye uteute mweusi haimfai mtu yeyote.

Mkaa Pwani

Picha nimezituma kwa Fundi Baridi faragha maana zinatia aibu. Kwa ufupi: dakti ya kurudisha hewa imeachia pale inapoingia kwenye mashine, unaweza kupitisha mkono. Imezungushiwa ile tepu ya kijivu ya kitambaa na tepu imekauka inaning'inia. Pamba ya njano iliyofunika dakti imelowa. Bomba la maji linapanda kilima kidogo kabla ya kushuka.

Mtanga wa Houston

Hiyo tepu! Mwaka 1998 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California walijaribu vitu mbalimbali vya kuzibia dakti, wakavipika kwa joto na baridi kwa muda. Iliyoshindwa vibaya ni tepu ya kitambaa, wakati kwa Kiingereza jina lake ni la dakti. Tumia gundi nzito ya kupaka kwa brashi juu ya wavu, au tepu ya foili ya alumini yenye gamu halisi.

Fundi Baridi

Nimeziona. Nitasema mbele ya watu ili na wengine wafaidike.

Ukifunga mashine mpya kwenye dakti hiyo, pesa umeichoma. Mashine itanyonya hewa ya popo na kukugawia vyumbani, ikiwa mpya. Kwa hiyo bajeti igawe: kama fedha haitoshi, dakti kwanza, mashine baadaye. Najua hakuna anayependa kusikia hivyo, mashine inaonekana kwa wageni na gundi ya darini haionekani.

Pamba iliyolowa haikauki kurudi ilivyokuwa, itolewe. Badala yake weka ile sponji nyeusi ya mpira iliyofunga, au pamba mpya yenye foili nje, na maungio yote ya foili yazibwe. Ukiacha upenyo, hewa ya unyevu ya darini inakutana na bati baridi, inatoka jasho, pamba inalowa tena. Doa lako la jipsamu huenda nusu yake ni jasho la dakti na nusu ni trei.

Bomba la maji lishuke mfululizo, walau sentimita moja kwa kila mita. Kwa mashine ya darini ambayo feni inavuta hewa kupitia koili, lazima pawe na mkunjo wa maji karibu na trei, kama ule wa chini ya sinki, la sivyo feni inanyonya hewa kupitia bomba na maji yanagoma kutoka. Chini ya mashine weka trei ya pili ya akiba na swichi ya kuelea: maji yakijaa inazima mashine kabla hujaona doa. Kifaa kidogo, bei ndogo, mafundi wengi wa hapa hawaweki kwa sababu mteja hakiulizii. Ulizia.

Mabomba ya shaba: kama ni yale ya R22 na yamezikwa ukutani huwezi kuyatoa, yasafishwe kwa dawa yake na kupulizwa naitrojeni. Kama yanafikika, weka mapya. Wakati wa kuchomea, naitrojeni ipite taratibu ndani ya bomba, vinginevyo ndani kunatokea magamba meusi yanayokwenda kuziba ekspansheni. Kisha kupima uvujaji kwa naitrojeni yenye mgandamizo, siyo kwa gesi. Kisha vakyumu mpaka maikroni 500 au chini yake, ikipimwa kwa kipimo cha vakyumu. Sindano ya geji ya kawaida haionyeshi kitu hicho. Mwisho gesi, kwa mizani. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, R32 na R125, nusu kwa nusu, inajazwa ikiwa majimaji. Fundi akikwambia anajaza kwa kusikiliza au kwa kugusa bomba, mpe soda umsindikize.

Kijana wa Sahare

Sawa, kwa maelezo yote hayo si ndiyo maana nilisema afunge spliti?

Fundi Baridi

Hujakosea kabisa, mdogo wangu. Kwa nyumba isiyo na dakti, au mtu anayekaa chumba kimoja tu usiku, spliti ya invata ndiyo yenyewe: inapunguza mwendo badala ya kuwaka na kuzima, kwa hiyo inakausha vizuri hata ikiwa mzigo ni mdogo. Lakini vumbi na kifua ni habari nyingine. Kichujio cha spliti ni wavu mwembamba wa kuzuia manyoya na vumbi kubwa. Kwenye mashine ya dakti unaweza kuweka kichujio kinene cha maana. Na viyoyozi vitano vina koili tano, trei tano, mabomba matano ya maji, na mashine tano za nje zinazoliwa na chumvi ya bahari. Nani atasafisha?

Mhasibu wa Luku

Wakuu mmesahau umeme. Feni ya mashine za zamani ni mota ya kawaida yenye kapasita, kubwa ya namna hiyo inaweza kula wati 500. Mota ya kisasa ya umeme wa DC kwa hewa hiyo hiyo inakula chini ya hapo sana, mara nyingi nusu au pungufu. Wati 500 kwa saa kumi ni uniti tano. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, karibu shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni kama 1,780 kwa siku ya feni peke yake, kompresa hujaigusa. Wale wa bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi uzi huu hauwahusu, mwenye AC ya dakti hayumo humo hata aseme vipi.

Pia chumba kikiwa kikavu unaweza kukaa nyuzi 25 au 26 na feni ya dari ikizunguka, badala ya 20. Hapo ndipo LUKU inapopumua.

Mkaa Pwani

Nauliza kuhusu vichujio. Dukani kuna jamaa ananiuzia MERV 13 (kipimo cha kichujio, namba ikiwa kubwa kinanasa vumbi dogo zaidi), anasema ni ya hospitali. Na taa ya ultravaioleti. Na kidude cha ozoni cha "kuua harufu".

Mtanga wa Houston

Ozoni acha kabisa. Inaudhi mapafu, na mamlaka ya mazingira ya huku imeandika wazi kuwa kwa kiwango kisichodhuru afya haina uwezo wa maana wa kusafisha hewa. Kwa mwenye pumu ndiyo usithubutu.

MERV 13 ni nzuri ikiwa mashine inaiweza. Kadiri kichujio kinavyobana ndivyo feni inavyohangaika, hewa inapungua, koili inaweza kuota barafu. Dawa yake ni eneo: kichujio kipana na chenye kina cha inchi nne, kimekunjwakunjwa, kinabana kidogo kuliko chembamba cha inchi moja. Kama nafasi haipo, MERV 8 au 11 inayokaa sawasawa kwenye fremu yake inaishinda MERV 13 yenye upenyo pembeni.

Fundi Baridi

Ultravaioleti inayomulika koili inasaidia uteute usiote kwenye koili yenyewe. Vumbi linalopita kwa kasi haliathiriki. Ni nyongeza, inunue mwisho kama pesa imebaki.

Na kwa udi: moshi wake una utomvu, unashika kwenye mapezi ya koili, vumbi linanata juu yake. Huenda ndiyo soksi yako hiyo. Wakati wa kufukiza zima mashine, fungua madirisha, moshi ukishatoka funga uwashe.

Mama Samadari

Kumbe dirisha bado lina kazi.

Fundi Baridi

Lina kazi kubwa, Mama. Mashine hizi zinazungusha hewa ile ile ya ndani, haziingizi mpya isipokuwa umeziwekea njia yake. Ila dirisha lifunguliwe AC ikiwa imezimwa. Kufungua madirisha usiku kucha halafu kuwasha asubuhi ni kuipa mashine kazi ya kukausha Bahari ya Hindi. Feni ya kutolea mvuke bafuni na jikoni iwashwe wakati wa kuoga na kupika tu.

Mkaa Pwani: MREJESHO

Wakuu, samahani kwa kimya. Kazi imekwisha kabla ya masika.

Tulianza na dakti. Fundi aliyekuja (siyo Fundi Baridi, yeye alikuwa Dar, ila alituelekeza kwa mtu) alimwambia mdogo wangu awashe kijiti cha udi darini, feni ikiwa inazunguka, apite nacho taratibu kwenye maungio. Pale moshi uliponyonywa ndipo palipo na tundu. Upande wa kurudisha hewa moshi ulikuwa unakatika kwa nguvu kabisa pale kwenye mashine, na sehemu mbili nyingine tusizozijua. Mama Samadari, udi umefanya kazi ya halali.

Matundu yakazibwa kwa gundi na wavu. Pamba ya zamani ikatolewa kwenye mifuko, watu wakajikuna hadi usiku. Chumba cha mwisho kilikuwa hakipati hewa kwa sababu dakti yake ya kunyumbulika ilikuwa imekunjwa kwenye boriti, ikanyooshwa, ikafupishwa. Kila tawi likawekewa kilango cha kupunguzia hewa. Popo walitolewa kwa kuachiwa njia ya kutoka jioni na kuzibiwa wavu baadaye, hatukuwaua.

Mashine ya ndani ni 48,000, R410A, ya kampuni moja na ile ya nje. Mabomba mapya ya shaba kwa sababu ya zamani yalifikika. Fundi alikuja na mizani na kipimo cha vakyumu bila kuulizwa. Mkunjo wa maji upo, trei ya akiba ipo, swichi ya kuelea ipo. Feni aliishusha mwendo kwenye ubao, na akaiweka izime pamoja na kompresa. Kichujio ni MERV 11 cha inchi nne, ilibidi fundi bati atutengenezee kisanduku chake.

Bei sitaji, dola inapanda na kushuka mtu akija kusoma baadaye atanitukana. Nitasema tu dakti, gundi na sponji vilikula karibu sawa na mashine.

Kipima unyevu cha bei rahisi nimekiweka kwa bi mkubwa. Kabla kilikuwa kinasoma zaidi ya 70 na AC ikiwaka. Sasa kinacheza 54 hadi 58, nyuzi 25. Kabati tumelifuta kwa siki na kulianika juani. Kifua chake bado tunakiangalia, siwezi kusema kimepona, ila pampu ya bluu ya kuvuta anaishika mara chache zaidi kuliko kaskazi iliyopita. Dawa ya kila siku anaendelea nayo, Nesi.

Kinachonisumbua kidogo: asubuhi vioo vya madirisha vinakuwa na jasho kwa nje.

Fundi Baridi

Jasho la nje ni kawaida, kioo kimepozwa na hewa ya bahari inakigusa. Likitokea kwa ndani ndiyo uniite.

Hongera. Angalia kichujio kila mwezi mpaka uijue kasi ya vumbi la nyumba yako. Koili ya mashine ya nje imwagiwe maji baridi ya bomba, yasiyo na presha kubwa, mara kwa mara kipindi cha upepo wa baharini, chumvi isikae kwenye mapezi. Umeme uzimwe kwanza.

Kibarua wa Zege

Mkuu huyo fundi mwenye mizani anapatikana wapi? Nina mteja Chumbageni, yake inamwaga maji juu ya televisheni.

Mkaa Pwani

Njoo faragha nikuunganishe. Ila mwambie kabisa mteja wako ataanza na dari.